Vermont baada ya mafuriko: kagua barabara za mashambani kabla hujaenda kutazama majani

Kila Septemba, majani ya miti yakikaribia kugeuka mekundu na manjano, maswali ni yale yale. "Route 100 inapitika?" "Google inaonyesha njia iko wazi, niende?" "Nina Corolla tu, nitafika?" "Mafuriko si yalikuwa Julai? Mbona bado wamefunga?" Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeko Winooski, Burlington, Manchester, Lewiston au Portland, na wewe unayetoka Boston na gari limejaa watoto na mashemeji, kila mtu anataka picha ya milima myekundu.

Mambo mawili ya kujua kwanza. Vermont, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, ni milima, na barabara zake nyingi zimelala bondeni kandokando ya mito: Route 2 na mto Winooski, Route 15 na Lamoille, Route 14 na White. Mto ukipanda, barabara ndiyo ya kwanza kuliwa. Pili, mafuriko makubwa ya huku yana tabia ya kuja karibu na msimu. Kimbunga Irene kilipiga tarehe 28 Agosti 2011, mwezi mmoja tu kabla ya majani. Mwaka 2023 maji yalikuja tarehe 10 na 11 Julai, na mwaka 2024 yakarudi tarehe zile zile. Miezi miwili inatosha kujaza kifusi gari lipite, lakini kujenga upya daraja au kalavati kubwa huchukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo barabara "iliyofunguliwa" huenda imefungwa kiraka tu.

Ukishika jambo moja katika mwongozo huu, shika hili: kila barabara ina mwenyewe. Mjue mwenyewe, umuulize yeye. Simu yako si mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu. Ndiyo, karatasi. Mtandao wa simu hukatika kabisa kwenye mabonde mengi.
- Ramani ya eneo uliyoipakua kwenye simu mapema, ifanye kazi bila intaneti.
- Ramani ya barabara ya kila mji utakaopita. Idara ya barabara ya jimbo, VTrans, huzitoa bure mtandaoni, mji kwa mji.
- Kimo cha gari lako, hasa ukibeba baiskeli au sanduku juu ya paa. Ukikodi gari kubwa la abiria, muulize anayekukodisha kimo na uzito wake.
- Tairi la spea lenye upepo, jeki, tochi, waya wa kuchaji simu, maji, blanketi. Oktoba usiku huwa baridi kali milimani.
- Tangi lililojaa. Vituo vya mafuta ni vichache ukiacha barabara kuu.
- Usajili wa VT-Alert, huduma ya bure ya jimbo inayotuma tahadhari kwenye simu.

Hatua kwa hatua

1. Chagua wiki na upande. Majani huanza kuiva kaskazini mashariki na kwenye vilele, mwishoni mwa Septemba. Katikati ya jimbo ni wiki mbili za kwanza za Oktoba. Kusini na kando ya ziwa Champlain huchelewa hadi katikati ya Oktoba au baada yake kidogo. Wikiendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, na magari ni mengi kupita kiasi. Ukiweza, iache.

2. Andika njia yako vipande vipande. Usiandike "Burlington hadi Peacham". Andika kila barabara kwa jina au namba, kila mji inamopita, na kila mahali inapokatiza mto. Kazi hii ni ya nusu saa, na hatua zote zinazofuata zinaitegemea.

3. Mtafute mwenyewe wa kila kipande. Hapa ndipo wageni wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyingi ya barabara kuu zenye namba ni za jimbo. Tazama kibao chake: kibao cha kijani na nyeupe chenye jina la Vermont ni barabara inayotunzwa na jimbo. Ukiona duara jeupe lenye namba nyeusi, barabara ina namba kama zile nyingine, lakini mji ndio unaoitunza. Hilo hubadilisha nani wa kuulizwa na jinsi taarifa zitakavyopatikana.

Zilizobaki ni za miji. Vermont ina miji zaidi ya 240, mingine ina watu mia chache tu, na kila mmoja una barabara zake, greda lake na mafundi wake wawili watatu. Zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hili si za lami. Ni changarawe, na changarawe ndiyo maji huibeba kwanza.

Barabara za miji zimegawanywa makundi manne, na ramani ya VTrans inakuonyesha kila moja iko kundi gani. Kundi la 1 ni mwendelezo wa barabara kuu ndani ya mji. La 2 huunganisha mji na mji. La 3 sheria inataka lipitike kwa gari dogo la kawaida majira yote, hali ikiwa ya kawaida. Kundi la 4 ndilo la kuogopa: mji haulazimiki kulitengeneza. Kwenye ramani ya VTrans huchorwa kwa mstari wa vipande vipande, lakini kwenye simu yako linaonekana barabara kama barabara nyingine. Baada ya mafuriko, kundi la 4 hushughulikiwa mwisho, na mara nyingine halishughulikiwi kabisa. Likiwa kwenye orodha yako, lifute.

4. Barabara za jimbo: angalia New England 511. Anwani ni newengland511.org, nayo inahusu Vermont, New Hampshire na Maine. Utaona palipofungwa, kazi za ujenzi, na kamera za baadhi ya sehemu. Bofya alama yenyewe usome maelezo, kwa sababu alama moja inaweza kuwa kufungwa kabisa au kupita upande mmoja kwa zamu. Na ujue kikomo chake: barabara ndogo za miji kwa kawaida hazimo. Ramani ya 511 kuwa safi hakukuambii lolote kuhusu kilima cha changarawe nyuma ya kanisa la mji mdogo kama Calais.

5. Barabara za mji: tazama tovuti ya mji, kisha piga simu. Miji mingi huweka orodha ya barabara zilizofungwa kwenye tovuti yake au ukurasa wake wa Facebook. Tazama tarehe ya taarifa. Orodha ya Julai isiyoguswa hadi Septemba haina msaada.

Kisha piga simu ofisi ya karani wa mji. Usiogope. Ni watu wa kawaida waliozoea maswali haya, na wengi watafurahi kuwa umeuliza kabla ya kukwama. Ofisi nyingi ndogo hazifunguliwi siku zote tano, kwa hiyo jaribu kati ya Jumanne na Alhamisi, usingoje Ijumaa mchana. Uliza hivi, kwa mpangilio huu:

- Barabara fulani, kutoka njia panda hii hadi ile, iko wazi mwanzo hadi mwisho?
- Iko wazi kwa gari dogo la chini?
- Kuna daraja au kalavati la muda? Lina kikomo cha uzito?
- Kuna kazi itakayofanyika wiki ninayokuja?
- Ikifungwa, nyinyi wenyeji mnazungukia wapi?

Swali la pili ni la lazima. Mwenyeji akisema "unapita tu", anafikiria pikapu yake ndefu yenye matairi ya matope. Mtajie gari lako kwa jina. Nimesikia jibu likigeuka papo hapo kutoka "hakuna shida" hadi "ah, hapana, kwa hilo pitia juu".

Na swali la tano ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, maana wenyeji wana njia ambazo simu haizijui.

Kiingereza kikikupa tabu, mwombe kijana wako apige huku wewe umeshika karatasi. Vermont Language Justice Project pia hutengeneza video za taarifa za jimbo kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Hazitakuambia kuhusu barabara moja moja, lakini ni nzuri kwa wazee wanaotaka kuelewa tahadhari za mafuriko.

6. Tazama mto na mvua siku tatu kabla. Ingia water.noaa.gov, tafuta mto ulio karibu na njia yako. Kila kipimo kina rangi: kijani ni shwari, njano ni wa kuangaliwa, chungwa ni mafuriko madogo, nyekundu ya kati, zambarau makubwa. Njano ikitokea kwenye njia yako, ahirisha.

Lakini vijito vya milimani havina vipimo, na ndivyo hukata barabara za changarawe. Kwa hivyo tegemea utabiri wa mvua. Ardhi iliyokwisha kushiba maji na kalavati lililozibwa nusu havihitaji mvua kubwa. Oktoba kuna jambo jingine watu hawalifikirii: majani yale yale mnayokuja kuyatazama huanguka mitaroni, yanaziba midomo ya makalavati, na maji yanapanda juu ya barabara kwa mvua ambayo mwezi wa sita isingefanya kitu.

7. Kagua madaraja. Vermont ina madaraja ya mbao yenye paa zaidi ya mia moja, na kila mtu anataka kupiga picha humo. Yana vikomo vya kimo na uzito, na mengi ni ya gari moja kwa zamu. Mafuriko huyagonga kwa magogo. Irene alilisomba kabisa daraja la Bartonsville, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2013. Ukipanga kupita ndani, thibitisha kwa karani kwamba liko wazi kwa magari, kwa sababu daraja linaweza kufungwa kwa gari na likaruhusiwa kwa miguu.

8. Weka njia ya pili kabla hujaondoka. Usiiachie simu ikutafutie mchepuko ukiwa umeshafika kwenye kizuizi. Kazi yake ni kutafuta njia fupi, na milimani njia fupi kwa kawaida ni ya kupanda. Toka Route 100 kwenda magharibi inaweza kukupitisha Lincoln Gap, njia nyembamba yenye mwinuko mkali kuliko wageni wanavyotegemea, isiyofaa gari kubwa la kukodi. Route 108 ya Smugglers' Notch ni nzuri mno, lakini kona zake kati ya majabali hunasa magari marefu mwaka hadi mwaka. Njia yako ya pili iwe ya lami na ya jimbo, hata ikiongeza nusu saa.

9. Asubuhi ya safari, rudia hatua ya 4 na ya 6. Dakika kumi. Mwachie mtu wa nyumbani ile karatasi, au picha yake.

10. Ukiwa njiani, isome barabara kwa macho yako. Hakuna tovuti itakayokuonyesha haya:

Ufa mrefu unaokwenda sambamba na ukingo wa lami. Chini yake udongo umeondoka, na ukingo unasubiri uzito. Kaa katikati kama hakuna gari linalokuja, au rudi.

Mbonyeo mpole unaokatiza barabara yote, mahali ambapo mtaro unaingia upande mmoja na kutokea mwingine. Hapo pana kalavati, na udongo unatoroka kulizunguka. Simama, shuka, tazama pande zote mbili kabla ya kupita. Ukiona tundu, au maji yanatoka pembeni ya bomba badala ya ndani yake, geuza gari.

Kingo za chuma zinazoning'inia, miguu yake haigusi ardhi. Sihitaji kueleza.

Kiraka cha changarawe mpya, ya kijivu na yenye ncha kali, katikati ya barabara ya zamani ya kahawia. Hapo palikatika. Kwa kawaida panapitika, ila ni laini: punguza mwendo kabla ya kuingia, usifunge breki ukiwa ndani, na usikanyage ukingo. Wengi huzama wakimpisha mtu. Bora umngoje mwenzio pale palipo pagumu.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kuzunguka kizuizi kwa sababu gari lililo mbele limezunguka. Huenda dereva yule anakaa nyumba ya tatu baada ya kizuizi na anajua palipokatika. Kibao cha Local Traffic Only ni cha wakazi na wanaokwenda kwao. Mtazama majani si mmoja wao. Cha Bridge Out, yaani daraja halipitiki, ni cha kutii bila mjadala.

Kuingia kwenye maji yanayotiririka juu ya barabara. Sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kusukuma gari dogo, na 60 zinachukua magari mengi, hata yale marefu. Hayo ni maji tu; hatujasema kama barabara chini yake bado ipo.

Kudhani kila palipofungwa ni mafuriko. Cloudland Road ya Pomfret imekuwa ikifungwa kwa wasio wakazi wakati wa majani tangu 2023, kwa sababu wapiga picha walijaa hadi wenyeji na magari ya dharura wakashindwa kupita. Usimlaumu mlinzi.

Kuegesha kwenye nyasi za pembeni. Mabega ya barabara yaliyojazwa baada ya mafuriko ni laini ndani, hata yakikauka juu. Tena mara nyingi nyasi zile ni shamba la mtu.

Kuchelewa kurudi. Katikati ya Oktoba jua linazama kama saa 12 na robo jioni, bondeni giza huingia mapema zaidi, na nyufa nilizozitaja huzioni kwa taa za gari. Barabara za changarawe zimalize mchana.

Likitokea la kutokea

*Simu inasema pita, kizuizi kinasema hapana.* Kizuizi kimewekwa na mwenyewe. Rudi kwenye njia ya pili uliyoandika.

*Nimepoteza mtandao na sijui nilipo.* Tafuta nyumba. Kila nyumba ina namba na kila barabara ina jina, mara nyingi vimeandikwa kwenye sanduku la barua au nguzo mwanzo wa njia ya kuingilia. Ukihitaji msaada, namba hiyo na jina la barabara ndivyo vya kumtajia 911. Mtandao ukiwa hafifu usiobeba sauti, Vermont unaweza kutuma ujumbe mfupi kwenda 911.

*Taa nyekundu kwenye daraja la muda imekaa dakika nyingi.* Ni zamu ya njia moja. Upande wa pili unaweza kuwa mbali usiouona. Ngoja. Hakikisha umesimama karibu kabisa na mstari, kwa sababu taa nyingi za namna hii hubadilika zikihisi gari, na anayesimama nyuma sana hahisiwi.

*Gurudumu limezama kwenye ukingo laini.* Acha kukanyaga mafuta, unajichimbia. Washusheni watu wote upande wa juu, mbali na mtaro. Nyoosha usukani, jaribu kurudi nyuma taratibu kwa njia ile ile uliyoingilia, na zulia la miguuni likiwa chini ya tairi. Likikataa mara mbili, ita gari la kuvuta. Ukiwa kwenye kundi la 4, soma mkataba wako wa huduma ya kuvutwa, kwani mingine haihusu barabara isiyotunzwa na bili itakuwa yako.

*Mvua kubwa imeanza nikiwa kwenye changarawe.* Nenda kwenye lami ya karibu, ikiwezekana kwa njia uliyokwisha kuipita na kuiona. Usiegeshe kando ya kijito kungoja ipungue.

*Maji yamekata barabara mbele na nyuma.* Panda mahali pa juu, karibu na nyumba, upige 911. Mtabaki hapo mpaka muelekezwe, hata kama ni usiku kucha, na ndiyo sababu ya lile blanketi.

*Nimeona tundu jipya lisilo na alama.* Likiwa la hatari kwa wanaokuja, piga 911 mara moja. Likiwa dogo, mpigie karani wa mji ule ule. Sasa namba yake unayo.